Kabla Jangili Hajafika: Mwongozo Kamili wa Kupima Hatari ya Sakulenti Adimu Kuchimbwa Porini

Tuanze na mimea mitatu. Wa kwanza ni Euphorbia tanaensis, mti wa msitu wa Witu, kaunti ya Lamu. Miti iliyokomaa imebaki michache mno, na mwaka 2012 uliingizwa kwenye orodha ya kimataifa ya viumbe 100 vilivyo ukingoni kabisa mwa kutoweka. Wa pili ni Aloe secundiflora, mshubiri ambao kila aliyepita Baringo, Laikipia au Samburu ameuona, awe ameutafuta au la. Wa tatu si mmoja bali ni jenasi nzima: Conophytum, vijimea vya Afrika Kusini na kusini mwa Namibia, vingine vidogo kama ukucha wa kidole gumba, vinavyojificha katikati ya kokoto hadi ukavikanyaga bila kujua.

Ukiulizwa ni upi unaoweza kuibwa porini kwa urahisi zaidi, usikimbilie kutaja Witu kwa sababu tu idadi yake inatisha. Mti mzima hauingii kwenye sanduku la safari. Adui wa mti wa Witu ni shoka na shamba. Mshubiri, uliokuwa mwingi, ndio uliovunwa ovyo kwa ajili ya utomvu wake mchungu hadi Kenya ikapiga marufuku uvunaji wa mishubiri ya porini kwa amri ya rais mwaka 1986. Na vile vijimea vya kokotoni? Tangu 2019 mamlaka za Afrika Kusini zimenasa sakulenti zaidi ya milioni moja zilizochimbwa porini, na Conophytum ndiyo iliyowindwa kuliko zote.

Kwa hiyo uhaba ni jambo moja, na kuwa windo jepesi ni jambo jingine. Ukipima la kwanza ukadhani umepima la pili, utaweka walinzi mahali pasipo na mwizi. Humu nitaita sakulenti mmea wowote unaohifadhi maji kwenye majani, shina au mizizi yake minene: mishubiri, minyaa na jamaa zake, dungusi kakati, na kadhalika. Maswali utakayobeba toka mwanzo hadi mwisho ni haya: nani anautaka, anaufikiaje, na akishauchukua kinabaki nini.

KABLA YA KUFUNGUA DAFTARI

Miongozo mingi huweka suala la siri mwishoni, kama nyongeza. Mimi naliweka mwanzo, maana taarifa yako ikivuja, wewe ndiye uliyemchorea jangili ramani.

Miaka ya mwanzo niliwahi kumtumia mwenzangu picha ya mmea uliochanua vizuri, tukafurahi, naye akaisambaza kwenye kundi la wapenda mimea. Nyuma ya ua ilionekana kilele cha mlima, na kila mwenyeji wa eneo lile anakijua. Bahati nzuri halikutokea baya, lakini tangu siku hiyo napiga picha nikiinamisha kamera ardhini.

Fanya hivi. Zima kipengele cha mahali kwenye kamera ya simu. Kumbuka kwamba picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida huondolewa taarifa zake za mahali, ila ikitumwa kama faili inabaki nazo zote. Ukitumia iNaturalist, programu ya kuweka mtandaoni picha za viumbe ulivyoviona, fahamu kwamba hulificha eneo la spishi zilizotajwa kuwa hatarini kwa kutupa alama popote ndani ya mraba wa takriban kilomita 22 kwa 22, lakini haifichi maelezo uliyoandika wewe mwenyewe, wala mlima ulio nyuma ya picha. Tena ukiandika saa kwenye maelezo yako, mtu akiona ndege uliyempiga picha saa nne na mjusi wa saa nne na nusu, vyote vikiwa na alama kamili, atajua mmea wa saa nne na robo uko wapi.

Vipimo vya GPS viwekwe kwenye daftari moja au faili moja yenye neno la siri. Sehemu zipewe majina ya kubuni, na nakala ya ufunguo wa majina hayo awe nayo mtu mmoja tu mwingine. Usifunge utepe wa rangi kwenye miti kuonyesha njia. Utepe ule unamsaidia na mwingine.

Vibali navyo vishughulikie mapema. Kwa utafiti rasmi utapitia tume ya sayansi ya nchi, Tanzania COSTECH, Kenya NACOSTI, pamoja na wenye eneo: wakala wa misitu, shirika la wanyamapori, au serikali ya kijiji.

HATUA YA 1: JUA UNAPIMA NINI

Jina la kisayansi lihakikishwe kwa sampuli zilizohifadhiwa, si kwa picha za mtandaoni. Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Nairobi, ina hifadhi kubwa ya mimea mikavu. Tanzania ipo ya Arusha na ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Lebo za sampuli za zamani zitakuambia mmea ulikuwa wapi miaka 60 iliyopita, na hilo utalihitaji baadaye.

Andika pia majina yote ya zamani na yale wanayotumia wauzaji. Mfanyabiashara hafuati mabadiliko ya wataalamu. Jina lililofutwa vitabuni bado linauza sokoni. Ukitafuta kwa jina moja utaona sehemu tu ya biashara na kuridhika.

Halafu angalia CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini ulioanza kutumika 1975. Mishubiri yote iko chini yake isipokuwa Aloe vera. Mingi ipo Kiambatisho cha Pili, yaani huuzwa nje kwa kibali, na michache ipo Kiambatisho cha Kwanza. Karibu jamii nzima ya dungusi imo, na vilevile Euphorbia zenye umbo la sakulenti. Mmea usio kwenye kiambatisho chochote hauna kumbukumbu za biashara, na ukimya huo usiuchukulie kuwa usalama.

Ikiwa spishi imetangazwa kisayansi hivi karibuni, weka alama nyekundu. Jina jipya huamsha hamu ya wakusanyaji, na kila mmoja anataka awe wa kwanza kuwa nao.

HATUA YA 2: MAUMBILE YANAYOMSAIDIA MWIZI

Hapa huhitaji kwenda mbali. Kaa na mmea wenyewe uutazame kama mwizi anavyoutazama. Unaingia mfukoni? Ukiung'oa utaishi wiki tatu kwenye gazeti bila maji? Sakulenti nyingi zitaishi, na ndiyo maana zinasafiri kwa posta bila shida. Una umbo la ajabu, rangi, nta, au mzizi mnene wenye sura ya uzee? Hayo ndiyo yanayolipiwa.

Kisha geuza upande: ukichukuliwa, kinabaki nini? Mmea unaotoa machipukizi pembeni unaweza kujirudisha kama mzizi umeachwa. Usiotoa machipukizi ukiondolewa umekwisha. Mishubiri mingi haiwezi kujichavusha yenyewe. Inahitaji chavua ya mwenzake, iliyoletwa na chozi au nyuki. Ikibaki mitatu iliyotawanyika mlimani, maua utayaona kila mwaka na mbegu usizione. Conophytum ina shida nyingine: vifuko vyake vya mbegu hufunguka vikilowa, na matone ya mvua huzirusha karibu tu na mama. Kilima kimoja kikichimbwa, kilima cha jirani hakitaleta mbegu.

Makisio ya umri ni magumu, lakini usiyaruke. Tafuta mtu mwenye kitalu aliyeotesha spishi hiyo au ndugu yake wa karibu, umuulize: kutoka mbegu hadi ua la kwanza ni miaka mingapi? Kitaluni kuna maji na kivuli, porini ongeza.

HATUA YA 3: KUHESABU, NA KUSOMA MASHIMO

Nenda msimu wa maua. Mmea mdogo usiochanua unaweza kuupita mara kumi. Kwa mimea mikubwa tembea mistari iliyonyooka na kuhesabu pande zote mbili. Kwa midogo weka fremu ya mita moja kwa moja na upekue kila ufa wa mwamba. Wawili wahesabu eneo lilelile kila mmoja kivyake, kisha mlinganishe. Mkitofautiana sana, tatizo ni macho yenu.

Usiandike idadi pekee. Gawa kwa rika: miche, michanga, iliyokomaa (yenye ua, tunda au kikonyo kikavu cha mwaka jana), na mikongwe. Mahali pasipochimbwa pana rika zote, hata kama kwa uwiano usio sawa. Mahali palipochimbwa pana miche na mikongwe iliyovunjika, na katikati hakuna kitu.

Kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni umbali kutoka njia. Hesabu mimea mikubwa iliyo ndani ya mita 20 za barabara au kijia, halafu ya mita 200, halafu ile iliyo kwenye jabali lisilopandika. Ardhi ikiwa ileile na mwamba uleule, lakini mikubwa inaongezeka kadiri unavyoiacha njia, si ukame uliofanya hivyo. Ukame haujui barabara iko wapi.

Shimo nalo lina maandishi yake. Nungunungu na nyani huchimba sakulenti pia, hivyo usimsingizie binadamu kila kitu. Mnyama huacha majani yaliyotafunwa, vipande, fujo. Mtu huondoka na mzizi. Shimo lake ni dogo na safi, mara nyingi lina alama ya chuma bapa, jiwe limegeuzwa upande wenye udongo ukatazama juu, au ufa wa mwamba umebanduliwa kwa bisibisi. Kama kingo za shimo bado ni kali na jiwe lililogeuzwa halijapauka, ni la karibuni. Piga picha na rula ndani yake, usilifukie.

Mwisho wa hatua hii ni kugawa maeneo. Vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, muungano wa kimataifa wa uhifadhi, vinataka ujue idadi ya "maeneo", na neno hilo halimaanishi alama kwenye ramani. Eneo ni sehemu ambayo tukio moja la tishio linaweza kuiathiri yote kwa haraka. Kwa ujangili, jiulize: kundi moja lenye gari moja lingemaliza wapi kwa wikiendi moja? Vilima vitatu vilivyo kwenye kijia kimoja ni eneo moja, hata kama vina majina matatu.

HATUA YA 4: SOKO

Hapa ndipo wengi wetu wa porini tunalegea, kwa sababu kazi ni ya kukaa mbele ya skrini. Lakini bila soko hakuna ujangili, na mmea usiotakikana na mtu unalindwa na kutotakikana kwake.

Tafuta matangazo kwa jina la Kilatini, kwa majina ya zamani, na kwa majina ya biashara katika lugha za wanunuzi. Masoko makubwa ya sakulenti yako Asia ya Mashariki, Ulaya na Marekani. Chagua siku moja ya wiki, rudia kwa miezi mitatu. Kwa kila tangazo andika tarehe, ukubwa, bei, nchi ya muuzaji, na kama anataja mahali mmea ulikotoka. Hilo la mwisho ni zito: wapo wanunuzi wanaolipa zaidi kwa mmea wenye "kwao" panapojulikana, na sifa hiyo huwa haina maana kwa mmea wa kitaluni.

Picha za tangazo zisome kama ulivyosoma mashimo. Mimea ya kitalu hufanana kama watoto wa darasa moja: umri mmoja, majani safi, mizizi iliyochukua umbo la chungu. Mmea wa porini una makovu ya jua upande mmoja, ukuvu-mwani kwenye shina, majani yaliyoliwa na wadudu, mzizi mkuu uliokatika, changarawe ambayo hakuna mwenye kitalu angeinunua. Muuzaji anayesifia uzee na "sura ya asili" anakuambia kitu bila kukusudia. Katika msako wa polisi wa Italia ulioanza Senigallia mwaka 2020, dungusi zaidi ya 1,000 za jangwa la Atacama zilikamatwa, nyingi za jenasi Copiapoa, na mamia yake yakarudishwa Chile mwaka 2021. Ili kesi kama hiyo isimame, lazima mtu aweze kutazama mmea na kusema huu haukuzaliwa kitaluni.

Usinunue, hata kwa ajili ya ushahidi. Usigombane na muuzaji. Hifadhi picha ya skrini uendelee.

Kisha fungua kanzidata ya biashara ya CITES, iliyo wazi kwa kila mtu. Tazama herufi ya asili: W ni mmea wa porini, A ni uliooteshwa na binadamu, I ni uliokamatwa. Linganisha kilichoripotiwa na nchi inayouza na kilichoripotiwa na inayonunua. Haviwiani mara nyingi, na pengo likiwa kubwa mwaka baada ya mwaka lina habari. Tena fanya hesabu ya kibiolojia. Spishi inayochukua miaka kumi kukomaa, iliyotangazwa miaka mitatu iliyopita, inawezaje kuuzwa kwa maelfu ikiwa imekomaa na ina herufi A?

Mtindo hubadilika ghafla. Dudleya farinosa humea kwenye majabali ya pwani ya California, na kwa miaka mingi ilikuwa ua la kupita njia tu. Mwishoni mwa 2017, mteja aliyekuwa kwenye foleni ya posta katika mji mdogo wa Mendocino alishangaa mtu aliye mbele yake akituma rundo la vifurushi nje ya nchi, akapiga simu kwa askari wa wanyamapori. Ndani mlikuwa na Dudleya. Kufikia Januari 2022 mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles ilishamfunga miezi 24 mchimbaji mmoja aliyehusika na maelfu ya mimea hiyo, naye alikuwa amewahi kukamatwa Afrika Kusini kwa Conophytum. Soko ni lilelile, linahama bara.

HATUA YA 5: WATU WA PALE

Nenda kwa wenyeji bila fomu mkononi. Salimu, kaa, kunywa chai. "Shikamoo mzee. Zamani ua hili lilifika hadi wapi?" ni swali linalojibika, "Je, kuna watu wanaoiba mimea hapa?" halijibiki, hasa kama mjukuu wake ndiye aliyelipwa. Utasikia habari za gari lililolala bondeni, mgeni aliyeonyesha picha kwenye simu, vijana waliopewa pesa ya "magugu ya mawe". Wachungaji na wachoma mkaa wanajua kuliko ripoti yoyote.

Pima pengo la malipo. Anayechimba hupata fedha kidogo, dalali hupata nyingi. Safari za kimataifa zilipofungwa mwaka 2020, wanunuzi wa Conophytum waliokuwa wakija wenyewe waliagiza wenyeji kwa simu, na mahali pasipo kazi na penye ukame maagizo yale hayakukosa mikono. Kwa hiyo kiwango cha ukosefu wa kazi na umbali wa mtandao wa simu ni sehemu ya tathmini yako, kama ulivyo urefu wa jani.

Usiandike majina ya watu. Kamwe.

HATUA YA 6: SHERIA NA MLINZI

Fupi: sheria ipo, inatumika? Kenya ina Sheria ya Wanyamapori ya 2013 na kanuni mahususi za mishubiri za 2007, ambazo zinaruhusu biashara inayotokana na mashamba. Angalia mmea wako uko ndani ya hifadhi au kwenye ardhi ya kijiji, askari wa karibu yuko umbali gani, na kama ofisa wa mpakani akionyeshwa mmea huo ataujua. Ujangili wa pembe anautambua. Kimche kilichofungwa kwenye soksi huenda asikitambue.

HATUA YA 7: KUAMUA

Wapo wanaotoa alama moja hadi tano kwa kila swali na kujumlisha. Sipendi kujumlisha. Mmea unaotakikana sana, ulio kando ya barabara, lakini unaoteshwa kwa urahisi, hujumlishwa sawa na mmea usiotakikana, ulio mbali, usiozaa. Na hali zao hazifanani hata kidogo. Andika badala yake aya moja kwa kila swali kati ya yale matatu, kisha useme wazi kiungo kilicho dhaifu ni kipi.

Chukua Aloe dorotheae ya miamba ya Handeni, mkoani Tanga. Porini ni adimu mno. Inatakikana, maana juani majani yake hugeuka mekundu kama kaa la moto. Lakini hutoa machipukizi kwa wingi, na vitalu vya nje vimejaa miche yake kwa bei ya kawaida. Anayeitaka hana sababu ya kukwea miamba ya Handeni. Hatari ya kuchimbwa kwa ajili ya wakusanyaji ni ndogo kuliko uhaba wake unavyoashiria. Macho yaelekee moto na mashamba. Mti wa Witu hivyohivyo, ila mbegu na vipandikizi vyake viangaliwe. Conophytum ya kilima kimoja, isiyo kitaluni, yenye jina jipya: hiyo ni hatari ya juu kabisa hata kama hujaona shimo moja.

Kwa lugha ya IUCN, ujangili wa kulenga mmea wenyewe ni tishio namba 5.2.1. Chini ya kigezo A, herufi ndogo d inaruhusu kutumia kiwango cha uvunaji, kilichopo au kinachowezekana. Upungufu wa asilimia 30, 50 au 80 ndani ya miaka 10 au vizazi vitatu, kipi kirefu zaidi, ndio unaotenganisha ngazi tatu za hatari pale ambapo sababu hazijakoma. Kizazi kikiwa miaka 15, unatazama miaka 45. Ndipo lebo zile za sampuli kavu zinapolipa. Kama huna takwimu za nyuma, kigezo D2 kinaupokea mmea wenye maeneo matano au pungufu, au unaokalia chini ya kilomita za mraba 20, mradi uwepo uwezekano halisi wa kushuka ghafla kwa muda mfupi. Hesabu yako ya wikiendi moja inaingia hapo moja kwa moja.

HATUA YA 8: RIPOTI MBILI

Andika ripoti ya wazi isiyo na jina la kilima, kijia wala kijito, yenye wilaya tu na wakati mwingine mkoa tu. Nyingine, yenye vipimo kamili, iende kwa mamlaka ya hifadhi na hifadhi ya mimea, kwa mkono, ikiwa na orodha ya walioipokea. Ukiombwa vipimo na mtafiti usiyemjua, mwambie aombe kwa barua kupitia taasisi yake. Wa kweli hatakasirika.

Picha za matangazo na za mashimo peleka kwa wanaosimamia CITES nchini. Kenya ni KWS, yaani shirika la wanyamapori. Pendekeza mbegu zikusanywe kwa kibali na kupelekwa kwenye kitalu halali, ikiwa kiungo dhaifu ulichokitaja ni soko lisilo na chanzo kingine.

Rudi kuhesabu kila mwaka, msimu uleule wa maua. Ila kama spishi imetangazwa kwa jina jipya, au bei mtandaoni imepanda mara mbili, usingoje maua: rudi ndani ya miezi mitatu, uanze na ile sehemu ya mita 20 kutoka njiani.